Neno la Mhariri: Joto Huitangulia Kokoto

Biti ya kutobolea ukuta inayouzwa kwenye vibanda vya vifaa vya ujenzi Kibera na Kawangware ni chuma cha kawaida karibu yote. Kinachokata ni kipande kidogo cha kijivu kilicholehemiwa nchani: kabidi ya tungsteni, yaani chembe ngumu zisizoonekana kwa macho, zilizoshikanishwa na kobalti kama kokoto ndani ya saruji. Mjerumani Karl Schröter aliivumbua katika kampuni ya Osram, Berlin, mwaka 1923, na miaka michache baadaye kampuni ya Krupp ikaiingiza sokoni kwa jina la Widia.

Biti ikiisha mapema, lawama huangukia zege au muuzaji wa bidhaa feki. Feki zipo, wala si chache. Hata hivyo biti halali nyingi huuawa na joto, na hiyo ndiyo hoja inayofungua toleo hili.

Kwenye karatasi, kabidi haina cha kuogopa: chembe zenyewe huyeyuka juu ya nyuzi 2,700 za Selsiasi, na kobalti karibu na 1,495. Lakini ulegevu huanza mbali kabla ya kuyeyuka. Kufikia nyuzi 800 ugumu huwa umeshuka kwa karibu nusu, kobalti imelainika, na ncha ikisukumwa kwa nguvu hufutuka badala ya kukata. Mchanga mwingi wa ujenzi wa Nairobi hutoka mito ya Machakos na umejaa kwatzi. Kabidi baridi huishinda kwatzi kwa ugumu bila shida. Ikipata moto, pengo hilo huziba na mchanga huanza kuila.

Hapo hewa nayo huingia kazini. Kuanzia nyuzi 500 hadi 600 hivi, oksijeni hushambulia kabidi na kuigeuza oksidi ya tungsteni, unga wa manjano au kijani kibichi, ukichanganyika na oksidi nyingine yenye kobalti. Utando unaoilinda sufuria ya alumini ni mwembamba na hauna upenyo. Huu wa tungsteni huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya kabidi iliyouzaa, hivyo hupasuka, hubanduka na kuacha uso mpya wazi kwa hewa. Mashimo yanayobaki ndiyo chanzo cha nyufa: kipande kilichounguzwa hukatika kwa mzigo ambao kizima kingeubeba, hata kama ukubwa wake haujapungua sana.

Uharibifu mkubwa, hata hivyo, hutokea wakati wa kunoa. Jiwe la kijivu la grinda limetengenezwa kwa ajili ya chuma. Likikutana na kabidi husugua tu na kuichemsha. Linalofaa ni la kijani, la silikoni kabidi, au gurudumu la almasi. Fundi aliyezoea patasi huichovya ncha majini kila inapopata moto, na kwa patasi yuko sahihi, maana chuma kikigeuka bluu kimepoteza makali yake. Kabidi ikichovywa hivyo hupata nyufa nyembamba zisizoonekana, na ncha humeguka siku ya pili kazini. Isitoshe, chuma cha shingo hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya kabidi, kwa hiyo kiungo cha lehemu huvutwa pande mbili. Lehemu ya fedha huyeyuka kati ya nyuzi 600 na 800 hivi. Ncha iliyong'oka nzima bila kuchakaa ni ushahidi kwamba biti ilipikwa.

Kwa vipande vya mashine za kukerezea, viwanda vilipata jibu mwishoni mwa miaka ya 1960: ngozi nyembamba ya kabidi ya titani, na baadaye ya oksidi ya alumini, inayozuia hewa na joto. Ngozi hiyo ikinolewa haipo tena. Biti ya ukutani kwa kawaida haina kinga hiyo, na kinachoiokoa ni mkono: mwendo wa taratibu, kuitoa shimoni mara kwa mara ili unga umwagike, na kuhamisha shimo drili inapogonga nondo. Ikishageuka rangi, kupitisha grinda juu juu hakutoshi. Tabaka lote lililooksidika na lenye nyufa lazima liondolewe, na kwenye biti ya milimita 6 likishaondoka huwa hakijabaki cha kunoa.