Mkongo Umefika Mlangoni, Siri ya Ruta Imebaki kwa Fundi

Fundi wa intaneti hakai sana katika nyumba za Kigali. Huvuta waya mwembamba kutoka kwenye nguzo, hutoboa ukuta, na ruta huiweka palepale waya ulipoingilia, mara nyingi nyuma ya televisheni. Taa zikiwaka kijani, humwandikia mama mwenye nyumba neno la siri la waifai kwenye kipande cha karatasi, hupanda pikipiki na kuondoka. Jioni, mtoto anayesomea chumba cha nyuma analalamika kwamba intaneti haishiki, na kampuni inalaumiwa.

Pengine kampuni haina kosa. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi, lakini kuta mbili za matofali zinatosha kuyachosha. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, ila ni ya polepole na hugombaniwa na ruta za majirani. Ruta ikitolewa nyuma ya televisheni na kupandishwa juu ya kabati katikati ya nyumba, mtoto yule anaweza kusoma bila kulipiwa kifurushi kikubwa zaidi.

Inauma kuona kasi ikipotea hatua kumi za mwisho, baada ya safari ndefu namna ile. Rwanda haina bahari. Kabla ya mkongo wa Seacom kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ya ukanda huu ilitegemea sana setilaiti, kwa bei ya kuumiza. Kisha serikali, pamoja na Korea Telecom, ikatandaza mkongo wa taifa wa zaidi ya kilomita 2,000 kupanda na kushuka milima. Kazi kubwa kama hiyo haistahili kuishia nyuma ya televisheni.

Liko pia suala la vipimo. Anayelipia megabiti 20 kwa sekunde hudhani atapakua megabaiti 20, kumbe baiti moja ni biti nane: atapata megabaiti 2.5. Filamu ya gigabaiti moja itamchukua karibu dakika saba, na hapo hajaibiwa.

Hatari kubwa zaidi ni neno la siri la pili, lile la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, ambalo wateja wengi hawalijui. Kwenye ruta nyingi, ukiandika 192.168.1.1 katika kivinjari, mlango huo hufunguka kwa neno "admin" kama kiwanda kilivyoliacha. Mwaka 2016, programu haribifu ya Mirai ilijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani kama 60 tu, ikateka kamera na ruta kwa maelfu, na Oktoba mwaka huo zikatumika kuangusha huduma za Twitter na Netflix kwa saa kadhaa.

Kwa hiyo RURA, mamlaka inayosimamia huduma hizi, iweke sharti: fundi asiondoke kabla ya kubadilisha neno hilo mbele ya mwenye nyumba na kumkabidhi ukurasa mmoja wa maelezo, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, lugha rasmi tangu 2017 na ya siku nyingi mitaani Nyamirambo. Ukurasa huo umweleze pia namna ya kuchomeka kompyuta kwa waya na kupima kasi. Ikilingana na aliyolipia, atahamisha ruta. Ikipungua sana, atapiga simu kwa kampuni akiwa na namba mkononi.