UCHAMBUZI: Mlo usio na wanga, kati ya sayansi na mfuko wa mlaji

Ugali, wali, chapati na viazi vimo kizimbani. Wanaovishitaki wanadai kuwa wanga ndio chanzo cha unene na kisukari cha aina ya pili, na kwamba nafasi yake ichukuliwe na nyama, mayai, mboga za majani na mafuta. Wanaovitetea wanauliza: itakuwaje chakula kilichowalea babu zetu kigeuke sumu?

Nchini Afrika Kusini mjadala huu ulifikishwa hadi mbele ya chombo cha nidhamu. Profesa Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambaye kwa miaka mingi aliwashauri wanariadha kula wanga kwa wingi, aligeuza msimamo wake baada ya kugundulika kuwa na kisukari. Mwaka 2013 alishiriki kuandika kitabu kilichoeneza mlo huo kwa jina la Banting, jina la mwandaa mazishi wa London aliyechapisha kijitabu kuhusu kupungua kwake uzito mwaka 1863.

Februari 2014, Noakes alimjibu mama mmoja kwenye mtandao wa Twitter kwamba mtoto aachishwe ziwa kwa kuanzishiwa vyakula vyenye wanga kidogo na mafuta mengi. Mtaalamu wa lishe alilalamika kwa Baraza la Taaluma za Afya. Aprili 2017 Noakes alionekana hana hatia, na Juni 2018 rufaa ya Baraza ikatupiliwa mbali.

Wafuasi wake walishangilia kana kwamba mlo wenyewe ndio ulioshinda. Hata hivyo, swali lililokuwa mbele ya kamati lilihusu mwenendo wa daktari: je, alikiuka maadili ya kazi yake? Kuachiwa kwake hakukugeuza ushauri huo kuwa dawa ya kila mtu.

Utafiti nao unataka subira. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 609 kwa mwaka mmoja. Waliopunguza mafuta walipoteza wastani wa kilo 5.3, na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Kwa wagonjwa wa kisukari hali ni nyingine kidogo: mwaka 2019, Chama cha Kisukari cha Marekani kilikiri kuwa kupunguza wanga kuna ushahidi mzuri wa kushusha sukari mwilini.

Katika ukanda wetu, sauti iliyosikika zaidi ni ya Profesa Mohamed Janabi wa Tanzania, daktari wa moyo aliyechaguliwa Mei 2025 kuwa Mkurugenzi wa Kanda ya Afrika wa Shirika la Afya Duniani. Alipokuwa akiongoza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, mawaidha yake ya kupunguza sukari na wanga yalizua mizaha mingi, lakini pia yaliwafanya watu wengi waitazame upya sahani yao.

Hapa ndipo hatari ilipo. Mgonjwa anayetumia insulini akiacha wanga ghafla bila daktari kurekebisha dozi, sukari yake yaweza kushuka hadi apoteze fahamu. Anayeacha dawa kabisa kwa kuamini mlo pekee anajiweka katika hatari kubwa zaidi.

Kisha kuna bei. Kwa familia inayonunua unga kwa kipimo cha siku, kuambiwa ile nyama na mayai badala ya ugali ni kuambiwa ilale njaa. Wala wanga wote si mmoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza wanga utokane hasa na nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde. Dona, maharage na mchicha havihitaji mfuko mnene. Soda na mandazi ya kila asubuhi ndivyo vya kuanza kupunguza.

Yumkini kosa la pande zote mbili ni kutafuta hukumu moja kwa watu wote. Mwenye kisukari anayekaa kitini mchana kutwa na mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri hawali sahani moja. Kabla ya kuihukumu sahani, ni vyema kumtazama kwanza anayeila.