Ofisi inayozima masasisho ya tarakilishi huacha mlango wazi

WAFANYAKAZI wengi wa ofisi nchini wanalijua dirisha dogo linalochomoza pembeni mwa skrini, likiwaarifu kuwa programu zao zinahitaji kusasishwa. Wengi hulifunga bila kulisoma. Wengine humwomba fundi ayazime masasisho kabisa ili wafanye kazi kwa utulivu.

Sababu zao si za kipuuzi. Intaneti hulipiwa, na sasisho moja laweza kumeza data nyingi. Umeme nao hupotea kazi ikiwa katikati. Isitoshe, wapo wanaotumia programu zisizo na leseni halali, na huogopa kwamba sasisho litawafichua.

Hata hivyo, gharama ya kuyazima ni kubwa zaidi. Mnamo Novemba 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa katika kijisehemu cha Office cha kuandikia milinganyo ya hisabati, kilichotengenezwa mwaka 2000. Kupitia ufa huo, mhalifu angeweza kuitawala tarakilishi pindi mtumiaji alipofungua waraka uliotiwa sumu. Januari 2018, Microsoft ilikiondoa kijisehemu hicho. Lakini kwa miaka kadhaa baadaye, wahalifu waliendelea kuutumia ufa uo huo. Dawa ilikuwepo, ila wengi hawakuwa wameimeza.

Ni kweli pia kwamba sasisho lenyewe laweza kuleta maafa. Julai 19, 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha takriban tarakilishi milioni 8.5 za Windows duniani. Safari za ndege zilifutwa na huduma za hospitali zikavurugika. Funzo la mkasa huo si kukataa masasisho. Ofisi yenye tarakilishi nyingi yafaa ianze na moja au mbili, izichunguze, kisha iendelee na zilizosalia. Kabla ya hayo, nakala za faili muhimu zihifadhiwe mahali pengine.

Sasisho likikwama, aghalabu chanzo ni kidogo. Kwanza, mtumiaji ahifadhi kazi yake, azifunge programu zote za Office, kisha aiwashe tarakilishi upya. Pili, atazame tarehe na saa. Tarakilishi kuukuu ambayo betri yake ya saa imekufa hupoteza tarehe kila umeme unapokatika, na tarehe ikiwa si sahihi, mawasiliano salama na mitambo ya kampuni hukataliwa. Tatu, ahakikishe diski ina nafasi ya kutosha. Nne, akague iwapo intaneti imewekewa kikomo cha data, kwani Windows hupunguza upakuaji katika hali hiyo.

Yakishindikana hayo, ipo njia ya ukarabati. Katika orodha ya programu zilizomo, mtumiaji ateue Office, kisha chaguo la kuibadilisha. Aanze na ukarabati wa haraka, usiohitaji intaneti. Ule wa pili, unaopakua programu upya, ungoje siku yenye mtandao imara.

Lipo tatizo ambalo ukarabati hauliponyi. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha huduma kwa Office 2016 na Office 2019. Siku iyo hiyo, Windows 10 ilifikia ukomo wake wa kawaida, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa muda wa nyongeza. Tarakilishi yenye Office hizo haitaonyesha dalili ya ugonjwa. Itanyamaza tu, na mwenyewe atadhani iko salama. Ofisi isiyomudu toleo jipya yaweza kuhamia LibreOffice, ambayo hutolewa bure na bado husasishwa. Hiyo ni afadhali kuliko nakala ya wizi iliyofungiwa masasisho.

Linalohitajika zaidi ni mwajibikaji. Katika ofisi nyingi, kusasisha tarakilishi ni kazi ya kila mtu, na kwa hivyo si ya yeyote. Mkuu wa shule, meneja wa chama cha akiba au msimamizi wa zahanati hana budi kumteua mtu mmoja, kumpangia siku, na kutenga fedha za data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka wanaotunza taarifa za watu wachukue hatua za kuzilinda. Mgonjwa au mwanachama ambaye siri zake zimevuja hatafarijika kuambiwa kwamba dirisha lile lilikuwa likisumbua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa data iliyoibwa haujengeki tena.