Fundi Maiko Tumemzaa Wenyewe

Maisha yangu yote nimelitumia neno "fundi Maiko" bila kujiuliza huyo Maiko ni nani. Wewe msomaji unamjua: ni yule anayelipua kazi, anafungua kisichohusika, anafunga akabakiwa na nati mbili mkononi, kisha anakuambia "hapo haina shida" na kuondoka na hela yako. Tunamcheka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwezi wa tano nilimwita hivyo kijana mmoja hapa Sigino, usoni pake, mbele ya vijana wake wawili na mbele ya baba yangu mzazi. Leo nalifuta neno hilo kwake. Nina mtu mwingine wa kumpa.

Gari lenyewe ni Hilux ya baba, ya dizeli, injini ya 3L, iliyotoka Japani ikiwa tayari imezeeka. Imebeba mbaazi msimu hadi msimu, ukiwamo ule wa 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, bei ikaanguka huku kwetu, na magunia yakarudi nyumbani juu ya pikapu hiyo hiyo. Imebeba mahindi, mapipa ya maji, wagonjwa, na jeneza la babu. Kwa hiyo mtu akiniambia "uzeni hilo kopo mnunue gari", najua hajawahi kukaa na watu wanaokula kutokana na gari.

Mwezi wa nne usukani ulianza kulia. Asubuhi ya baridi, ukiwasha na kukata kona, unasikia mlio kama wa mbwa aliyekanyagwa mkia. Wiki ya pili ukawa mzito gari likiwa limesimama. Baba ana miaka 71. Nilikuwa nimekuja likizo, na mimi ndiye msomi wa nyumba, mwenye shahada ya uchumi, kwa hiyo nikapewa jukumu la kwenda kuongea na fundi. Nakuomba uikumbuke hiyo shahada ya uchumi.

Gereji yake ni kivuli cha mti, kontena bovu na mabenchi mawili. Alimwamkia baba, akasikiliza mlio kwa dakika mbili, akanigeukia.

"Kaka, niachie mpaka kesho niliangalie. Kuangalia ni elfu kumi. Nikishajua tatizo ndiyo nitakuambia cha kununua."

"Elfu kumi ya kuangalia? Macho yako yanatumia dizeli?"

Watu walicheka. Nikajiona mjanja wa mjini. Yeye alitazama chini, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema: "Basi, pampu ya pawa imekufa. Lete pampu." Nikamwambia, "Umeona sasa? Umeangalia bure."

Pampu ya mtumba ililetwa na basi kutoka Arusha. Ufundi alitaka elfu hamsini, nikamshusha mpaka thelathini. Aliomba lita nne za ATF, oili ya haidroliki, akisema nyingine ni ya kusafishia njia. Nilichungulia kikopo cha oili, nikaona hakiingii hata lita moja, nikamwambia lita moja inatosha. Aliomba pia mpira mpya wa kutoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu. Nikamuuliza kama mpira ule unavuja. Akasema bado. Nikamwambia kisichovuja hakibadilishwi. Pampu ikafungwa, usukani ukawa laini kama siagi, nikampigia mdogo wangu Dodoma kumweleza nilivyookoa pesa.

Siku ya tisa mlio ulirudi. Siku ya kumi na moja baba alikuwa anashuka na magunia, kwenye kona mojawapo iliyoliwa na mvua, mbele yake ikatokea bodaboda imebeba mama na mtoto. Watu wengi hudhani pampu ikifa usukani unakatika. Haukatiki. Usukani bado umeungana na magurudumu kwa chuma, ila kazi yote inarudi mikononi mwako, tena ni nzito kuliko gari ambalo halikuwekewa pawa tangu kiwandani, kwa sababu sasa unasukuma pia oili iliyolala ndani ya boksi la stelingi. Kijana wa miaka 30 angeukata ule usukani. Mzee wa miaka 71 aliukata nusu. Bodaboda iliingia kwenye mahindi, pikapu ikasimama mtaroni. Yule mama alinyanyuka, akamkung'uta mtoto vumbi, akamtazama baba kwa muda mrefu bila kusema kitu. Hakuna aliyeumia ila bega la baba, ambalo mpaka leo halinyanyui ndoo.

Ndipo nilipokwenda pale chini ya mti na kutoa lile neno.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Kaka, unataka niangalie au unataka kunitukana? Kutukana ni bure. Kuangalia ni elfu kumi."

Baba alitoa noti ya elfu kumi, akampa kwa mikono miwili.

Alichofanya baada ya hapo ningependa kila mwenye shahada akione. Alifungua kikopo, akachovya kidole, akanusa, akasugua oili kati ya vidole viwili. Akawasha gari na kutumulikia tochi: oili ilikuwa na povu kama ya chai ya maziwa, maana yake pampu inanyonya hewa mahali. Akauminya ule mpira, wangu nisioukubali, ukabonyea kama andazi. Akauliza polepole, kwa adabu: "Mzee, nani aliongeza oili humu?"

Baba alinitazama. Ilikuwa Krismasi. Niliona oili imepungua, nikachukua chupa iliyokuwa chini ya kiti, nikamimina. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Fundi akaingiza mkono chini ya kiti, akaitoa ile chupa. Ilikuwa oili ya breki.

Mipira na sili za breki zimetengenezwa kuvumilia oili ya breki. Mipira na sili za pawa zimetengenezwa kwa oili ya aina nyingine, na zikikutana na ile ya breki zinavimba, zinalainika, zinaanza kumeguka. Mpira ukilegea unapitisha hewa hata kama hautoi tone nje, kwa sababu upande ule pampu inanyonya, haisukumi. Ndani ya pampu kuna vibao vidogo vya chuma vinavyozunguka vikikwangua ukuta, na vinachoishi nacho ni utando mwembamba wa oili safi. Wape hewa na takataka za mpira, vinajila vyenyewe. Pampu ya kwanza niliiua mimi Krismasi. Ya pili niliiua mimi tena niliponyima lita tatu za oili, maana uchafu wote ulibaki kwenye boksi na mipira, ukamsubiri mgeni.

Safari hii hakuna aliyebishana naye. Alinyanyua gari mbele kwa jeki, akaliweka juu ya magogo. Akalegeza mkanda, akafungua mpira wa presha, akatoa pampu, akaitenga puli yake kwa uangalifu kwa sababu puli ikipinda inakula mkanda. Mipira yote miwili ya presha ndogo ikatupwa. Kikopo kikaoshwa, na kile kichujio kidogo cha chini kabisa, ambacho sikujua kama kipo, kikatoka na uji mweusi. Pampu ya tatu ikafungwa kwa washa mpya za shaba, maana za zamani zikishabanwa mara moja hazizibi tena vizuri. Kisha sehemu niliyoinyima mara ya kwanza: akauziba mlango wa kurudishia kwenye kikopo, akaupeleka mpira wa kurudisha kwenye chupa ya maji, akaniambia niketi nizungushe usukani kutoka ukomo hadi ukomo, injini ikiwa imezimwa, huku yeye akimimina oili mpya. Ilitoka nyeusi, ikatoka kahawia, ikatoka na vipande kama majani ya chai. Lita ya tatu ndiyo iliyotoka nyekundu. Nilizungusha mpaka mabega yakauma, na nikawaza juu ya bega la baba.

Sasa niseme ninachotaka kusema. Ukienda kwa daktari ukaambiwa huna malaria, unalipa, na unashukuru. Ukienda kwa wakili akakuambia kesi yako haina miguu, unalipa. Fundi akikuambia "pampu yako ni nzima, tatizo ni mpira wa elfu nane", unamlipa nini? Humlipi. Tumeweka bei ya spea na bei ya jasho, tukakataa kabisa kuweka bei ya kufikiri. Mtu analipwa tu akibadilisha kitu, basi atabadilisha kitu. Mwaka wa kwanza chuoni nilifundishwa kwamba watu hufuata motisha. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata A, nikaenda chini ya mti Sigino nikalisahau lote kwa ajili ya elfu kumi.

Mtaniambia mafundi ni waongo. Wapo. Wapo wanaobadilisha spea yako nzima kwa mbovu ukienda kunywa chai, na wapo waliojifunza kwenye magari ya watu na hawajamaliza kujifunza. Siwatetei. Lakini yule anayejua na yule asiyejua tumewapa bei moja, kisha tunashangaa kwa nini anayejua anachoka na kuanza kufanya kama asiyejua. Fundi wangu alijua siku ya kwanza. Aliomba muda, mpira na oili, vitu vitatu sahihi. Mimi ndiye nilimlazimisha kulipua. Mnunuzi akipanga muda, akapanga bei na akachagua spea, nani fundi Maiko hapo?

Wengine watasema suluhisho ni vyeti. VETA ipo kwa sheria ya 1994, na ina mpango wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza nje ya darasa; ni mpango mzuri, na kijana huyu ningependa aupitie. Ila cheti hakitanilazimisha mimi nilipie kuangaliwa. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya 1972 tumezoea kuwaita watu hawa "sekta isiyo rasmi", jina linalowaeleza kwa kile wasichokuwa nacho. Mmarekani Matthew Crawford, mwenye shahada ya uzamivu ya falsafa, aliacha ofisi Washington akafungua gereji ya pikipiki, na mwaka 2009 akatoa kitabu kuhusu akili iliyomo katika kazi ya mikono. Wasomi wenzangu wanakisifu, nami nilikisifu kabla ya Krismasi ile. Akili hiyo hiyo ikiwa na ndala na ovaroli iliyochanika, tunaiuliza kama macho yake yanatumia dizeli.

Wala msiniletee hoja ya umaskini wa wakulima. Mkulima wa hadithi hii ndiye aliyelipa, kwa mikono miwili. Aliyegoma ni mwenye mshahara. Nimewaona wengi wenye mishahara wakifanya vivyo hivyo: mtu analipia kahawa elfu saba Arusha bila kuuliza, kisha anasimama nusu saa kumshusha fundi elfu tano, na anaisimulia jioni kama ushindi. Nchi yetu inatoza ushuru wa ziada kwa magari yanayoingia yakiwa yamechakaa, Kenya haipokei yaliyozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 inakataa yaliyozidi 15. Mpakani mashine inaulizwa umri wake. Ikishaingia inakabidhiwa kwa vijana tusiotaka kuwalipa wafikiri, na baba zetu wanaziendesha kwenye miteremko.

Kabla sijaondoka nilimshauri aandike bei yake ionekane. Akaandika kwa chaki kwenye mlango wa kontena: KUANGALIA GARI 10,000. Nilirudi mwezi wa nane, maandishi yalikuwapo bado, yamefifia kidogo kwa mvua. Nilikuwa nimekaa benchini wakati gari moja safi liliposimama, kijana wa rika langu akateremsha kioo, akasoma, akacheka.

"Bosi, hata kuangalia unalipisha?"

"Ndiyo, kaka."

Akapandisha kioo, akaondoka, na gari lake likikata kona kurudi barabarani sote wawili tuliusikia ule mlio.