Kabla ya Kuhamisha Familia Ng'ambo, Hesabu Afya Kwanza

Wengi humu nchini wanaopata kazi Uingereza hufanya hesabu moja tu. Huchukua mshahara wa pauni, wakauzidisha kwa shilingi, kisha wakaanza kuuza ng'ombe na ploti ili bibi na watoto wapande ndege pamoja nao. Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili, yaani gharama ya kuishi kule na usalama wa wale wanaosafirishwa, haiangaliwi mpaka baridi ya Disemba iwafike mifupani.

Tuanze na ada ya afya. Serikali ya Uingereza humtoza mhamiaji ada ya kutumia hospitali za umma, na tangu Februari 2024 mtu mzima hulipa pauni 1,035 kwa mwaka, mtoto wa chini ya miaka 18 pauni 776. Pesa hizi hazikatwi kidogo kidogo kama zile za SHA. Hulipwa zote siku ya kuomba viza, kwa miaka yote ya viza hiyo. Baba, mama na watoto wawili wenye viza ya miaka 5 hutoa pauni 18,110, takriban shilingi milioni 3, na bado hawajalipia viza zenyewe wala tikiti.

Wauguzi na madaktari wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa ada hiyo, wao na familia zao. Lakini wale wa kutunza wazee walikatazwa kuleta wake, waume na watoto kuanzia Machi 11, 2024, na Julai 22, 2025 mlango ukafungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza. Kwa hivyo wakala anayekutaka leo utoe pesa akupeleke kutunza wazee, wewe na mkeo, anakuibia mchana peupe.

Kuna pia kipimo cha kifua kikuu, ambacho Mkenya anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 hana budi kukipitia. Picha ya mapafu isipoeleweka, makohozi huoteshwa maabara na majibu huweza kuchukua wiki 8. Cheti nacho hudumu miezi 6 tu. Familia iliyokwisha kununua tikiti na kuwatoa watoto shuleni hukwama hapo, huku pango la nyumba ya zamani limekwisha. Pimeni kwanza, uzeni baadaye.

Jambo ambalo sijasikia likizungumzwa hata kidogo ni la nyanya. Malezi ya watoto kule ni ghali mno, hayana mfano wa yaya wetu, na wazazi wakifanya kazi kwa zamu huamua kumwita mama mzazi kwa viza ya kutembea. Mama ana shinikizo la damu au sukari. Siku akilazwa, hospitali humtoza asilimia 150 ya gharama ya matibabu, kwa kuwa mgeni wa matembezi hakulipa ada ile. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa, idara ya uhamiaji huarifiwa, na maombi yake ya viza siku za usoni huweza kukataliwa. Kama lazima aje, basi aje na bima ya safari inayotaja maradhi aliyo nayo, na dawa zake za kumtosha.

Nyumba ni suala la afya vilevile. Mwenye pesa kidogo hupanga chumba cha bei nafuu, akazima hita kuepuka bili, akaanika nguo ndani na kufunga madirisha. Ukuta hupata ukungu mweusi, na mtoto mwenye pumu halali. Mjini Rochdale mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alifariki Disemba 2020, na mwaka wa 2022 mchunguzi wa vifo alisema chanzo kilikuwa ukungu katika nyumba yao. Sheria yenye jina lake ilianza England Oktoba 2025, lakini ilianzia nyumba za kijamii, si zile za watu binafsi ambazo wageni wengi hupanga. Na tafadhali, asiwepo wa kuwasha makaa ndani ili apate joto. Hewa yake huua watu usingizini, kule kama hapa.

Jua nalo ni haba. Wataalamu wa kule huwashauri watu weusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima. Ni tembe za bei rahisi, na mifupa ya watoto huzihitaji.

Kuhusu usalama, wengi huuliza kuhusu visu na ubaguzi. Hofu hiyo ina msingi. Katika ghasia za Agosti 2024 hata wauguzi Wafilipino waliokuwa wakienda kazini walishambuliwa kwa mawe mjini Sunderland. Lakini nadhani hatari iliyo karibu zaidi na familia yetu imo nyumbani. Kumwachia mtoto wa miaka 9 wadogo zake, jambo la kawaida hapa kwetu, kule huweza kuleta maafisa wa ustawi wa watoto mlangoni. Kumchapa mtoto ni kosa Scotland tangu 2020 na Wales tangu 2022.

Sisemi watu wasiende. Ninasema mmoja atangulie, apitishe kipupwe kizima peke yake, na wengine wafuate. Wakifuata baadaye hulipia ada ya afya kwa muda uliosalia katika viza ya aliyetangulia, kwa hivyo ni nafuu pia. Najua utengano una maumivu yake, na ndoa nyingine hazikuvumilia. Mwaka mmoja basi, si mitano. Katika mwaka huo aliyetangulia aandike bili ya gesi ya Januari, aulize bei ya malezi katika mtaa atakaoishi, na ajisajili kwa daktari wa mtaa, jambo ambalo ni bure. Nyumba ya kuwapangia watoto aikague mwezi wa Januari, wala si Julai, na apapase ukuta ulio nyuma ya kabati.