Msimzike Aliye Hai

Mwishoni mwa mwaka 2025 nilihudhuria kikao cha parokia moja ya upande wetu, huku kusini ya Maniema. Akasimama mtu mwenye elimu, mtu wa kuheshimiwa, akatuambia ya kwamba kompyuta ya ofisi, ile ambayo wengi wetu huiita ordinatere, imekufa. Ni ya mwaka 2015, akasema. Prosesa yake ni ya kizazi cha sita. Haiikubali Windows 11. Basi itupwe, na kila shirika litoe mchango ili inunuliwe ya kizazi kipya kabla ya Noeli. Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu, kama wazee wetu walivyokuwa wakisikiliza Kilatini. Ndipo mama mmoja aliyeketi nyuma akauliza: "Baba, na hii ya sasa inaumwa nini?" Hakujibiwa. Asubuhi ile ile katibu alikuwa ameandika kwa mashini hiyo cheti cha ubatizo, na cheti kikatoka.

Namjibu yule mama hapa: haiumwi kitu. Imehukumiwa tu. Na walioihukumu wako mbali sana nasi, nao hupata faida kila mara hukumu ya namna hiyo inapotolewa.

Tuanze na neno lenyewe, kizazi. Prosesa ni kile kipande kidogo, upana wake kama biskuti, kinachofanya hesabu zote za mashini. Waweza kukiita ubongo wake. Kampuni mbili za Marekani, Intel na AMD, ndizo zinazouza prosesa za karibu kompyuta zote za mezani tunazozijua huku, na karibu kila mwaka hutangaza kizazi kipya. Kwetu sisi kizazi ni mtoto azaliwe, akue, aoe, azae. Kwao ni mwaka mmoja au miwili. Baba hajaota mvi, na mjukuu amekwisha kumfukuza nyumbani!

Wala mjukuu huyo haji peke yake. Prosesa huketi katika tundu lake juu ya ubao mkuu wa mashini, kama jino katika ufizi. Mwaka 2015 tundu la Intel lilikuwa na miguso 1151. Mwaka 2017 wakatoa kizazi cha nane: hesabu ya miguso ile ile, 1151, umbo lile lile, lakini prosesa mpya haikukubaliwa juu ya ubao wa zamani. Mwaka 2020 ikawa miguso 1200. Mwaka 2021, 1700. Mwaka 2024, 1851, na hiyo ya mwisho haipokei ila kumbukumbu ya aina mpya, iitwayo DDR5, hata vipande vya kumbukumbu ulivyokuwa navyo havifai tena. Anayetaka kubadili ubongo sharti anunue na fuvu, na shingo, na mabega.

Atasema mtu: hivyo ndivyo maendeleo yalivyo, hakuna njia nyingine. Si kweli. AMD walitoa tundu lao la AM4 mwaka 2016, na prosesa zilizozaliwa miaka mingi baadaye ziliingia humo humo. Wakangoja hata 2022 ndipo wakaleta AM5. Basi yawezekana. Asiyefanya hivyo amechagua.

Sasa habari ya Windows, maana ndiyo iliyomtisha yule msemaji wetu. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021. Yataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au cha baadaye, pamoja na kidude cha kufuli kiitwacho TPM 2.0. Kisha Microsoft walitangaza ya kwamba Windows 10 haitatengenezwa tena bure baada ya tarehe 14 Oktoba 2025. Hayo ni kweli, wala simtuhumu mtu kusema uongo. Lakini mashini ya kizazi cha sita haikufa siku ile. Iliwaka tarehe 15 kama ilivyowaka tarehe 13. Kilichokoma ni viraka vya kuziba matundu ambamo wezi wa intaneti huingilia. Hatari hiyo ni ya kweli, hasa kwa mashini inayopokea barua na kushika hesabu za pesa, nami simshauri mtu aidharau. Ila dawa ya tundu la ukuta ni udongo. Hakuna anayebomoa nyumba kwa ajili yake.

Nikubali na jingine. Prosesa mpya ni za haraka kweli, na kwa kazi ile ile moja nyingi hula umeme kidogo kuliko za zamani. Mhandisi anayechora madaraja, daktari anayesoma picha za ndani ya mwili, hao wana haki ya kuzitaka. Lakini katibu wetu anaandika "amebatizwa", "amepewa kipaimara", "wamefunga ndoa". Kwa maneno hayo mashini ya 2015 humngoja katibu, siyo katibu anayeingoja mashini. Na umeme wetu ni wa jua, jua likikataa ni moteri na esansi iliyobebwa na pikipiki juu ya barabara mnayoijua. Prosesa ile ya kizazi cha sita ilipimwa kwa wati 65. Ile kubwa kabisa ya Intel ya mwaka 2024 huweza kufika wati 250 inaposukumwa. Nani atainunulia esansi?

Hata upya si ahadi ya uzima. Mwaka 2024 Intel walikiri ya kwamba baadhi ya prosesa zao za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika kwa kupewa volti kupita kiasi. Wakatoa marekebisho, wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Vyema. Lakini dhamana hiyo ataidai nani kutoka Salamabila, na kwa njia gani?

Huenda mtaniuliza kwa nini jambo hili liniume mimi, mtu wa Salamabila, kuliko mtu wa Bruxelles. Liniumalo ni kujua prosesa hutokana na nini. Geuza ile mpya ya 2024 uitazame chini: utaona vidoti 1851, vyote vimepakwa dhahabu. Vipande vya ubao vimeshikizwa kwa bati, nayo bati ni kasiteriti iliyochomwa. Ndani yake mna wolframu. Mna tantali, ambayo ni koltani iliyosafishwa. Msomaji wa Maniema hahitaji kufundishwa majina hayo. Babu zetu waliyachimba kwa ajili ya kampuni za Wabelgiji. Symétain walikuwa Kalima tangu miaka ya 1930.

Na dhahabu ndiyo kwetu hasa. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kutoa dhahabu ya biashara huko Namoya mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa ajili ya vita na utekaji wa watu. Kabla yake, wakati wake, na baada yake, vijana wetu wameteremka mashimoni na tochi kichwani. Akina mama hutwanga mawe mpaka yawe unga. Zebaki humwagwa karaini ili ishike chembe za dhahabu, kisha huchomwa juu ya moto, na mtoto amesimama pale pale akiota moto. Mwalimu yeyote wa huku atakuambia ni viti vingapi vinakuwa vitupu mvua ikifunua mchanga mpya mtoni. Shimo likibomoka, twaitwa sisi wa kanisa kuja kusali.

Dhahabu hiyo huvuka mipaka kwa siri. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameyaandika mara nyingi. Nayo ikiisha kuyeyushwa haina kabila. Haulizwi jina la baba yake.

Najua wakubwa wa viwanda walijaribu kunawa mikono. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria kuzitaka kampuni zake zichunguze madini ya Kongo. Septemba mwaka ule ule Rais Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hata Machi 2011. Nani aliyelala njaa miezi ile sita? Si mwenye kiwanda. Mwaka 2014 Intel wakatangaza ya kwamba prosesa zao sasa hazina madini yanayolisha vita. Siwacheki kwa hilo. Ni afadhali kuliko kunyamaza, na wenzao wengi walinyamaza. Lakini angalieni: uchunguzi huo huuliza madini yametoka wapi. Hauulizi kwa nini yanatakiwa mengi hivyo, wala kwa nini mashini nzima itupwe ili nyingine iundwe. Mwaka 2022 dunia ilitupa vifaa vya umeme tani milioni 62, na sehemu iliyojulikana kukusanywa ipasavyo haikufika robo. Dhahabu imo humo, bati imo humo, imerudishwa ardhini katika majalala. Halafu kijana wa Salamabila ateremke tena akaitafute nyingine!

Yule msemaji alitutolea na mfano wa divai mpya na viriba vipya. Bwana wetu hakuutoa mfano huo kwa kutangaza bidhaa za mtu, na nadhani ndugu yangu alijua hivyo alipokuwa akiketi, maana hakumtazama padre.

Tufanye nini basi? Mashini ile itolewe diski yake ya kuzunguka, iwekwe isiyozunguka. Hilo peke yake huifanya iamke kwa dakika moja badala ya tano. Iongezwe kumbukumbu. Kwa anayetaka kubaki na Windows 10, Microsoft wenyewe waliongeza muda hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Lakini ushauri wangu ni kuweka Linux, programu isiyouzwa, aliyoianza Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991 angali mwanafunzi: yapokea viraka vyake kila juma, huandika Kifaransa na Kiswahili, haikuulizi prosesa yako ni ya kizazi gani. Yapo maneno machache ya kujifunza upya, na katibu atanung'unika majuma mawili. Anunung'unike.

Na jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja kikaoni: majina ya wabatizwa yanakiliwe mara mbili, nakala moja ikae ofisini, nyingine ikae mbali, Kasongo ikiwezekana. Sisi tunajua maana ya kukimbia usiku na kuacha vitabu nyuma. Mashini mpya yenye nakala moja huungua kama ya zamani.

Kazi yote hiyo haifikii bei ya hiyo kompyuta mpya. Wakiendelea na mchango, wachange. Lakini nitaomba pesa ziandikwe jina jingine, minervali ya vijana wa sekondari wanaoshinda Namoya. Kikao kitarudi baada ya Pasaka. Nitaketi nyuma, karibu na yule mama.