Damu Haikusanywi Siku ya Ajali



Kila mmoja wetu ajua kwa nini tunatoa mchango wa chama kila mwezi. Fedha za kumsaidia mwenzetu aliyefukuzwa kazi hazitafutwi siku ya kufukuzwa. Sharti ziwe sandukuni tangu mbele. Leo twataka kusema juu ya sanduku jingine, ambalo wengi wetu hatujaweka kitu ndani yake: akiba ya damu katika hospitali.

Mtu mzima ana damu kadiri ya lita 5. Kazi yake ni kuchukua hewa safi mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo, kama gari la mizigo lipelekavyo shehena stesheni kwa stesheni. Wako ambao damu yao hupungua polepole, kwa safura au kwa chakula hafifu. Mwili wao hujizoeza, na daktari hupata nafasi ya kuwatibu kwa dawa. Lakini mtu aliyebanwa na mabehewa, au mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, au mtoto ambaye malaria imeharibu damu yake kwa siku chache, hao hawana nafasi hiyo. Mtu mzima akipoteza lita 2 upesi, yu karibu na kufa.

Yafaa tuzijue dalili. Midomo na viganja hupauka, jasho baridi hutoka, moyo huenda mbio, mtu huona kiu, mwishowe husema maneno yasiyo na maana. Tena tusidanganyike na kipimo cha damu cha saa ya kwanza. Chembe na maji ya damu hutoka pamoja, kwa hiyo ile kidogo iliyobaki yaweza kuonekana nzima katika maabara, hali mwenyewe yu hatarini.

Kabla ya kufika hospitali kazi ni yetu tulio karibu. Bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala usiachie kila mara ili kutazama. Mlaze, mfunike asipate baridi. Ikiwa damu ya mkono au mguu haizuiliki, kaza ukanda juu ya jeraha, uandike saa uliyofunga. Hospitalini iko dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, nayo huokoa watu ikitolewa ndani ya saa 3. Lakini dawa hairudishi damu iliyokwisha kumwagika. Damu ya kumtia mgonjwa hutoka kwa mtu mwenzake.

Mara ngapi jamaa za mgonjwa wameambiwa, "Tafuteni watu wa kutoa damu"? Hata wakipatikana, damu yao sharti ipimwe kundi, tena ipimwe ukimwi, homa ya ini na kaswende. Saa zapita, na mgonjwa hangoji.

Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka Nairobi, wananchi walipanga foleni kutoa damu. Lilikuwa jambo la heshima kubwa. Lakini majeruhi wa saa ya kwanza hutiwa damu iliyokuwamo katika friji tangu jana. Wazee husema akiba haiozi. Akiba hii huoza. Chembe nyekundu hukaa siku 35 mpaka 42 tu, kisha hutupwa. Kwa hiyo kutoa mara moja hakutoshi. Tena watoaji wengi katika nchi yetu ni wanafunzi, na shule zikifungwa, akiba hupungua. Je, sisi watu wazima tungoje watoto watuokoe?

Pana wenzetu wasemao kwamba kutoa damu humaliza nguvu za kazi. Mfuko mmoja ni kadiri ya mililita 450, haufiki sehemu moja ya kumi ya damu yote. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe kwa majuma machache. Mwanamume mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi aweza kutoa kila miezi 3, na mwanamke kila miezi 4.

Basi twashauri kila tawi lichague juma lake, ili matawi yote yasitoe kwa wakati mmoja, na miezi ya Aprili, Agosti na Desemba isikose watoaji.

Nao wakubwa wa kazi twawadai mambo matatu. Kwanza, atoaye damu apumzike siku hiyo bila kukatwa mshahara. Asipande injini wala kuinua reli. Pili, kila kikosi cha njia kiwe na sanduku la huduma ya kwanza, kama itakavyo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Sanduku tupu si sanduku. Tatu, katika kila kikosi wawepo watu waliofundishwa kuzuia damu.

Mkono unaotoa mchango wa chama, na utoe damu pia.

UMOJA NI NGUVU.